Marudio ya Saa Tisa

Saa tisa mchana. Feni inalisukuma joto pembeni
na joto linarudi. Nakata mabamia.
Runingani anatoka Marisela
na lile gauni lake la njano
lililoshonwa Majengo nzima mwaka ule,
hata fundi Shebwana akaishiwa na kitambaa,
akawa anawapa watu rangi ya chungwa huku akiapa:
"Ni njano hii, taa tu zinakudanganya."

Nalimpenda Marisela kushinda ndugu zangu.
Ndugu walininunia; yeye alilia
kila siku saa moja na nusu, kasoro Jumamosi na Jumapili,
nami nikalia naye kwa Thureya,
Kibokoni, ghorofa ya kwanza, ngazi za giza,
viatu mlangoni kama msikitini Ijumaa.
Runinga ya inchi kumi na nne, kitambaa cha kufuma juu yake,
na masharti ya mwenyewe:
asoswali magharibi asipande,
na alouwacha wali jikoni asije akalaumu nyumba ya watu.

Wangu uliungua, sijui mara ngapi.
Mume wangu, Mungu amrehemu,
alirudi zamu bandarini, akala ukoko, akauliza:
"Leo kaolewa, au kafungwa?"
Hakupata kumwona Marisela hata siku moja
lakini habari zake zote alizijua
kwa rangi ya wali.

Na mama mkwe! Tulimwita Kiwembe.
Tulimlaani kwa zamu, kama watu wanaopokezana kinu.
Usiku ule alioificha barua
Mwanamkuu alivua kandambili, akaitupa,
ikakipata kioo pembeni,
na Thureya akatufungia mlango wiki nzima.
Tulisimama kichochoroni, shingo juu,
tukisikiza dirisha.

Kimombo hatukukijua.
Mkalimani wetu alikuwa Nuru, bintiye Thureya,
kidato cha pili, daftari la hesabu mapajani.
Akiwa na nguvu alitupa neno kwa neno.
Akichoka: "Wanagombana."
Akichoka zaidi: "Bado wanagombana."
Usiku wa barua alitwambia,
"Anasema atatia sumu kwenye chai."
Nani angekaa na kandambili mguuni?

Sasa wameirudisha, na safari hii kwa Kiswahili.
Jana ilikuwa ile ya barua.
Kiwembe kasimama dirishani,
bahasha kaikunja mara mbili, akaitia kifuani,
akasema polepole, peke yake:
"Akiisoma ataondoka na mwanangu.
Na mimi nitamwandalia nani chai?"

Kisu kilinisimama mkononi.

Nalimpigia Nuru. Yuko benki Kisumu siku hizi, ana miwani.
"Mwana we, ile sumu ulitoa wapi?"
Akacheka mpaka akakohoa.
"Bi Saumu, nalikuwa na miaka kumi na mitano, na mtihani asubuhi.
Chai nalisikia. Sumu mlikuwa nayo nyinyi."

Sikumjibu. Nalimuuliza habari za watoto.

Leo Marisela analia tena, kitandani, na viatu.
Mzuri bado, simnyimi haki yake.
Lakini mbona hamuulizi mtu kitu?
Nyumba yote hiyo, na ngazi zote zile,
ashindwe kushuka akauliza, "Mama, barua iko wapi?"
Alie tu. Ana miaka ishirini.

Hilali wangu yuko Doha na mkewe.
Jumapili atapiga, akikumbuka; asipokumbuka, Jumatatu.
Sikuficha barua ya mtu. Pasi yake naliipiga picha tu,
siku aliyoisahau juu ya friji,
nikaiangalia kwa muda, nikairudisha palepale.

Mabamia yamekwisha. Nangoja wamalize kilio
wanirudishie yule aliyesimama dirishani.
Jikoni wali unanukia ile harufu
inayotangulia kuungua.
Nimeisikia.
Sijaondoka.